Leakey na Mifupa ya Olduvai

Louis Leakey alizaliwa Kabete, nchi ya Kenya, mwaka 1903. Baba yake alikuwa mmisionari Mwingereza.

Ukitoka Kasongo, ukapita Kabambare, ukavuka ziwa Tanganyika na kuendelea mbali kaskazini-mashariki, utafika bonde la Olduvai, katika Tanzania. Zamani sana palikuwa na ziwa. Wanyama walikuja kunywa. Wengine walikufa, tope likafunika mifupa yao hata ikawa mawe. Tembo wa siku zile walikuwa wakubwa kuliko wetu, na wanyama mfano wa nyati walikuwa na pembe zilizotanuka kupita kimo cha mtu.

Mwaka 1913 Hans Reck, Mdachi, aliona humo mifupa ya mtu. Akasema mtu huyo aliishi pamoja na wanyama wale. Mwaka 1931 Leakey alifika naye Olduvai, akakubali. Lakini udongo ulipopimwa, ikaonekana mtu yule alizikwa baadaye sana. Mwaka 1933 wote wawili waliandika wazi kwamba walikosa.

Leakey hakuacha kazi. Mwaka 1959 mke wake, Mary, aliona palepale fuvu la kiumbe mfano wa mtu, aliyeishi kweli zamani za ziwa lile. Leakey alikufa mwaka 1972.

Anayekubali kosa lake hapotezi njia ya ukweli.