Aliyeshindwa na Hesabu Mara Mbili

Muhula uliopita nilipata alama 11 katika 100 kwenye mtihani wa hesabu. Niliikunja karatasi yangu nikaificha chini ya godoro bwenini, maana nilijiona mjinga kuliko wote. Mwalimu wetu hakunigombeza. Alinipa kitabu cha maisha ya Benjamin Franklin, nami napenda wenzangu nao wayajue.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1706 mjini Boston, Marekani, ambayo wakati ule ilitawaliwa na Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni, mwenye watoto 17. Benjamin alipelekwa shule, akajua mwandiko mzuri upesi, lakini hesabu zilimshinda. Alipokuwa na miaka 10 aliondolewa shuleni, akawa akikata tambi za mishumaa kwa baba yake. Miaka miwili baadaye alitiwa kazini kwa kaka yake, mpiga chapa.

Alipofika miaka 16 hivi, alipatwa na aibu kwa sababu ya kutojua hesabu, ambazo zilikuwa zimemshinda mara mbili shuleni. Hapo wengi wetu tungesema hatukuzaliwa na kichwa cha hesabu. Yeye alichukua kitabu cha hesabu cha Cocker, akakianza peke yake mpaka akakimaliza chote, tena kwa wepesi. Siku zile wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki palepale kazini, akala mkate au zabibu kavu kwa maji, kisha akasoma.

Baadaye, alipokuwa karani wa baraza la Pennsylvania, alichoshwa na mijadala, akajifurahisha kwa kupanga namba. Alipanga namba 1 hadi 64 katika miraba, hata kila mstari, wa kulala na wa kusimama, ukawa na jumla ya 260. Basi zile hesabu zilizomwaibisha zikawa mchezo wake. Alifariki mwaka 1790, akisifiwa hata Ulaya kwa uchunguzi wake wa umeme.

Nami nimeitoa karatasi yangu chini ya godoro. Nimerudia hesabu za sehemu tangu ukurasa wa kwanza, kila jioni kabla ya kengele ya kulala, na nikikwama namwuliza mwenzangu bila haya. Muhula huu nimepata 34. Bado sijafaulu, lakini karatasi hii sikuificha: nitampelekea mama yangu aione.