Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga (1932 - 1972) alikuwa mchoraji kutoka nchini Tanzania. Mtindo wa uchoraji unaoitwa Tingatinga umepata jina kutoka kwake. Hilo lilikuwa jina la ukoo. Halihusiani na mashine ya kutengenezea barabara.

Maisha

Alizaliwa katika kijiji cha Namochelia (siku hizi Nakapanya), wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Mama yake alikuwa Mmakua Mkristo, baba yake Mngindo Mwislamu. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza. Baada ya uhuru mwajiri huyo aliondoka, naye Tingatinga akaishi kwa vibarua na biashara ndogondogo.

Uchoraji

Alianza kuchora mwaka 1968, bila kupita chuo chochote cha sanaa. Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali, kwa hiyo alitumia vitu vya dukani: vipande vya ubao mwembamba wa kuwekea dari, na rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Kwa kawaida mnyama mmoja, kama vile chui, tembo au ndege, hujaza karibu ubao wote, na nyuma yake kuna rangi moja tu. Picha zake ni tulivu kuliko nyingi zinazouzwa leo, ambazo hujazwa wanyama na watu kila pembe.

Mke wake, Agatha Mataka, aliziuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wengi walipita. Wataalamu hawakubaliani kuhusu chanzo cha mtindo huo. Wengine hutaja michoro ya ukutani ya vijijini kwao, wengine wachoraji kutoka Kongo waliokuwa wakiuza kazi zao Dar es Salaam. Huenda yote mawili yalichangia.

Kazi ilipoongezeka aliwafundisha vijana, wengi wao ndugu zake au watu wa kwao. Kati yao walikuwa Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata, ambaye baadaye alihamia Nairobi.

Kifo

Mwaka 1972 alikuwa ndani ya gari pamoja na rafiki zake mjini Dar es Salaam. Polisi walidhani ni gari la wezi wanaotoroka, wakalipiga risasi, naye akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Baada yake

Wanafunzi wake waliendelea na kazi palepale Oysterbay, na mwaka 1990 wachoraji waliunda chama cha ushirika. Mtindo huo umefika mbali, hata katika filamu za katuni za watoto zilizotengenezwa Kenya na Uingereza. Picha alizochora mwenyewe ni chache na bei yake ni kubwa, hivyo saini yake imeghushiwa mara nyingi.