Judith Ayaa, Mkimbiaji wa Uganda

Uganda ni nchi isiyo na bahari. Mtu akitoka Pemba akavuka maji mpaka bara, kisha akashika njia ya magharibi na kaskazini hata akapita Ziwa Viktoria, hufika nchi ile. Na akizidi kwenda kaskazini, akavuka mto Naili, hufika katika mbuga pana zenye majani marefu. Huko wakaa Waacholi, Walango na Waalur, watu walimao mtama, wimbi na ufuta. Kutoka upande huo wa kaskazini alitoka Judith Ayaa, aliyezaliwa mwaka 1952, miaka 10 kabla Uganda haijapata uhuru wake. Jina lake halikujulikana kwa utajiri wala kwa ukubwa wa serikali. Lilijulikana kwa sababu ya mbio.

Ili kufahamu ukubwa wa kazi aliyoifanya, yafaa kujua kwanza jinsi wanawake walivyozuiliwa zamani. Watu wa mataifa mengi walidhani ya kuwa mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa mashindano. Michezo ya Olimpiki ilipoanzishwa upya katika mji wa Athens, Ugiriki, mwaka 1896, hakuruhusiwa mwanamke hata mmoja kushindana. Baadaye wakakubaliwa katika michezo michache, lakini katika mbio hawakukubaliwa mpaka mwaka 1928, michezo ilipofanyika Amsterdam, Uholanzi. Mwaka huo huo walikubaliwa pia katika michezo ya viungo, yaani ile ya kuruka, kupinduka, na kutembea juu ya boriti nyembamba bila kuanguka.

Lakini mlango huo haukufunguliwa wote. Katika mbio za mita 800 baadhi ya wanawake walionekana wamechoka sana walipomaliza. Mara wakubwa wa michezo wakasema kwamba mbio hizo ni hatari kwa wanawake, wakazifuta, zisirudishwe mpaka mwaka 1960. Wanaume nao walikuwa wakichoka vile vile, wengine wakianguka chini, wala hapana aliyewakataza.

Hata hivyo wanawake hawakukata tamaa. Mwaka 1936 wanawake wa Marekani walikwenda Berlin, Ujerumani, kushindana katika michezo ya viungo kwa mara yao ya kwanza, wakawa wa tano katika timu 8. Kisha vita kuu ikaingia, na michezo ya mwaka 1940 na 1944 haikufanyika. Mmoja wao, Consetta Caruccio wa mji wa Baltimore, alingoja miaka 12. Mwaka 1948 alikwenda tena na wenziwe, mara hii London, nao wakapata nishani ya shaba, nyuma ya Chekoslovakia na Hungaria. Basi ikaonekana ya kuwa anayeshindwa leo, akidumu katika kazi yake, aweza kusimama kesho mahali pa heshima.

Katika Afrika ya Mashariki njia ilikuwa nyembamba zaidi. Wasichana wengi hawakupelekwa shule, na viwanja vya mbio vilikuwa vichache. Lakini mwaka 1965, mataifa ya Afrika yalipokutana kwa michezo yao katika mji wa Brazzaville, Theresia Dismas wa Tanzania alirusha mkuki akapata nishani ya fedha. Hapo wasichana wa nchi hizi wakaona ya kwamba mtu wa kwao, mwanamke, aweza kwenda nchi ya mbali akarudi na nishani. Judith Ayaa alikuwa msichana wa miaka 13 wakati huo.

Kabla ya kutimiza miaka 18 Ayaa alikuwa amekwisha kuwashinda wenziwe katika mashindano ya Afrika ya Mashariki na Kati. Alikimbia mbio fupi, lakini mbio zilizompa jina ni za mita 400, yaani kuzunguka uwanja mara moja. Wajuzi husema kwamba hizi ni katika mbio ngumu kuliko zote. Mbio za mita 100 ni za kasi tupu, na mbio ndefu ni za subira. Bali mita 400 zataka vyote viwili. Mchumaji wa karafuu aliye mgeni hupanda mkarafuu kwa pupa asubuhi, akachuma kwa haraka, na kabla ya jua kufika utosini mikono yake imelegea na pishi zake ni chache. Mchumaji mzoefu hupima nguvu zake toka tawi la kwanza. Ndivyo ilivyo katika mbio hizi. Akimbiaye kwa nguvu zote toka mwanzo, miguu yake huwa mizito kama imefungwa mawe zikibaki mita 100. Na ajizuiaye mno huachwa nyuma asiwapate tena wenziwe. Lazima mtu aujue mwili wake, na tena awe tayari kuvumilia maumivu mwishoni.

Mwezi wa Julai mwaka 1970 nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana kwa michezo yao katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Michezo hiyo ilianza mwaka 1930 katika mji wa Hamilton, Kanada, na mwaka ule wa kwanza wanawake waliruhusiwa katika mashindano ya majini tu. Walipewa nafasi ya kukimbia mwaka 1934. Katika Edinburgh umbali wa mbio ulipimwa kwa mita badala ya yadi, jambo ambalo halijafanyika kabla ya hapo katika michezo hiyo. Uganda ilipeleka wachezaji wake, na Judith Ayaa alikuwamo. Umri wake ulikuwa miaka 18.

Mbio zilifanyika katika uwanja wa Meadowbank. Ayaa alishinda vizuizi vya mwanzo, akaingia katika mbio za mwisho. Huko alikutana na wakimbiaji hodari sana. Mmoja alikuwa Marilyn Neufville wa Jamaika, msichana wa miaka 17 tu. Neufville alikimbia kwa muda wa sekunde 51 na kidogo, akavunja rekodi ya dunia nzima, ambayo kabla yake ilikuwa sekunde 51.7. Siku hiyo hapakuwa na mwanamke katika ulimwengu ambaye angaliweza kumpata.

Nyuma yake wakimbiaji wengine waligombea nishani mbili zilizobaki. Sandra Brown wa Australia alimaliza kwa sekunde 53.66, na Judith Ayaa kwa sekunde 53.77. Kati ya wawili hawa ilikuwa sehemu 11 tu katika sehemu 100 za sekunde moja, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ayaa akapata nishani ya shaba. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata nishani katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Wasichana waliotoka nchi zenye viwanja vizuri, walimu wengi na viatu bora walibaki nyuma yake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, Ayaa alikwenda Munich, Ujerumani, kwenye Michezo ya Olimpiki. Huko alikimbia upesi kuliko alivyokimbia siku ile ya nishani, akamaliza chini ya sekunde 53. Lakini dunia nayo ilikuwa imezidi kwenda mbio. Hakufika katika mbio za mwisho, ambazo Monika Zehrt wa Ujerumani ya Mashariki alishinda kwa sekunde 51.08. Katika michezo hiyo Mganda mwingine wa kaskazini, John Akii-Bua, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi, akaipatia Uganda nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Watu wengi walimkumbuka Akii-Bua, na ni haki yake. Lakini Ayaa alikuwa amekwisha kuonyesha njia katika Edinburgh.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alikuwa amepindua serikali ya Uganda, na utawala wake ukawa wa kumwaga damu. Askari wengi Waacholi na Walango waliuawa katika kambi zao. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, naye Mwacholi, aliuawa kwa sababu aliyakemea maovu hayo. Mahali ambapo watu waogopa kulala majumbani mwao, viwanja vya michezo haviwezi kustawi. Mwaka 1976 Uganda haikushindana katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Montreal, Kanada, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika zilijitoa kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Amin aliondolewa mwaka 1979, lakini amani haikurudi upesi, na tangu mwaka 1986 nchi ya kaskazini iliingia katika vita nyingine iliyodumu miaka mingi.

Ayaa aliziacha mbio angali kijana, akawa mke na mama wa watoto. Siku zile sheria za michezo hazikuruhusu mkimbiaji kulipwa fedha kwa kukimbia. Aliyeshinda alipewa nishani, akapigiwa makofi, akarudi kwao. Na nishani haipikwi ikaliwa. Mtu asiyekuwa na kazi nyingine wala elimu ya kutosha alibaki na sifa tupu mkononi. Miaka ya mwisho ya Judith Ayaa ilikuwa ya umaskini na taabu. Alikufa mwaka 2002, umri wake ukikaribia au kutimiza miaka 50.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ayaa alicheza kwao. Alivaa rangi za nchi yake mbele ya mataifa, akaliinua jina la Uganda mahali ambapo hapajasimama mwanamke wa Uganda kabla yake. Lakini hakutunzwa kama ilivyompasa. Kosa hili si la mtu mmoja. Ni desturi mbaya ya watu wengi, ya kumshangilia mshindi siku ya ushindi, na kumsahau siku nguvu zake zinapokwisha. Shamba la mikarafuu likiachwa bila kupaliliwa baada ya mavuno, msimu ujao mwenye shamba hana haki ya kuilaumu miti.

Lakini kazi yake haikupotea. Mwaka 2005, miaka mitatu baada ya kufa kwake, Dorcus Inzikuru, binti mwingine wa Uganda ya kaskazini, alikwenda Helsinki, Finlandi, akashinda dunia nzima katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mwaka 2019 Halimah Nakaayi alishinda mbio za mita 800 za dunia katika mji wa Doha, yaani mbio zile zile ambazo wanawake walikatazwa kwa zaidi ya miaka 30. Na mwaka 2021, katika mji wa Tokyo, Peruth Chemutai akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Wote hawa walipita katika njia ambayo Ayaa aliitangulia, na walipoanza kukimbia hapakuwa na mtu tena wa kuwaambia kwamba jambo hilo haliwezekani kwa mwanamke wa Uganda.

Mtume Paulo aliyafananisha maisha ya Mkristo na mbio za uwanjani, ambazo mkimbiaji hujizuia katika mambo yote ili apate taji. Watu waliomsikia walijua maana yake, kwa kuwa waliona viwanja kwa macho yao. Pemba nayo ina uwanja wake wa Gombani, karibu na Chake Chake, na shule nyingi zina viwanja vyao, hata vikiwa vidogo na vyenye kilima upande mmoja. Msichana akimbiaye hapo huenda akawa na kipaji alichopewa na Mungu, naye hana budi kukifanyia kazi kwa bidii, pamoja na kushika masomo yake, ili siku miguu itakapochoka awe na kitu kingine cha kumtegemeza. Na jamaa zake, walimu wake na nchi yake wana wajibu wao pia: wamtunze anapokimbia, wala wasimwache atakapokwisha kukimbia.

Maswali

1. Kwa nini mbio za mita 800 za wanawake zilifutwa baada ya mwaka 1928? Je, sababu hiyo ilikuwa ya haki?
2. Eleza kwa maneno yako kwa nini mbio za mita 400 ni ngumu.
3. Judith Ayaa alipata nishani gani katika Edinburgh, na aliachwa na mtu wa pili kwa muda gani?
4. Ni mambo gani yaliyoharibu michezo katika Uganda baada ya mwaka 1971?
5. Andika habari fupi juu ya methali hii: Mcheza kwao hutunzwa.