Martin Johnson na Ndege za Milia na Madoa

Wako waliokuja nchi hizi na bunduki, na wako waliokuja na kamera. Martin Johnson alikuja na vyote viwili, kisha akaongeza ndege.

Johnson alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Rockford, Illinois, mwaka 1884. Baba yake alikuwa sonara mjini Independence, Kansas, akiuza na vifaa vya picha. Kijana akapata ujuzi wake humo dukani. Mwaka 1907 alisafiri katika Snark, chombo cha mwandishi Jack London, akichukuliwa kuwa mpishi hali mapishi yenyewe hayajui! Mwaka 1910 alimwoa Osa Leighty, binti wa miaka 16, wakawa kama chanda na pete. Kenya waliingia mwaka 1921, na baadaye wakakaa miaka kadhaa Marsabit wakipiga picha ndovu.

Lakini lililompa sifa ya pekee lilikuja mwaka 1933. Baada ya mume na mke kujifunza urubani, walileta ndege mbili za Sikorsky ziwezazo kutua nchi kavu na majini. Kubwa waliipaka milia ya punda milia, ndogo madoa ya twiga. Ziliunganishwa Cape Town, zikapaa hadi Nairobi. Wakapita juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro, wakatua hata ziwa la Turkana, wakipiga senema makundi ya wanyama kutoka angani. Senema hiyo, Baboona, ilitoka mwaka 1935.

Mapenzi ya namna hiyo hayajafa. Kapsoit, penye njia panda ya kwendea Sondu, nilikutana na kijana mmoja ambaye raha yake ni kupiga picha ndege ndogo zinazotua Kericho, kati ya mashamba ya chai. Jina la Johnson hakupata kulisikia. Nilimsimulia, wala sikumficha la pili.

La pili ni hili, wasomaji wangu. Picha za wanyama alizopiga Johnson ni hazina, kwani makundi yale leo hayako tena kama yalivyokuwa. Lakini wenyeji, waliomwongoza na kumbebea mizigo, mara nyingi aliwafanya kichekesho mbele ya watazamaji wa kwao. Mnyama alipewa heshima, mtu akanyimwa. Kamera haina kosa. Kosa ni la jicho lililo nyuma yake.

Ajali haina kinga. Aliyeruka salama juu ya vilele na majangwa ya Afrika, alipanda ndege ya abiria kwao Marekani, ikaanguka milimani karibu na Los Angeles tarehe 12 Januari 1937. Alifariki siku ya pili, umri wake miaka 52. Osa aliumia akapona, akaishi hadi 1953. Kansas wamewajengea jumba la makumbusho mjini Chanute. Wabebaji na waongozaji wao wamebaki ndani ya picha, wengi wao bila majina.