Joseph Thomson: Safari ya Kweli Nyuma ya Mashimo ya Mfalme Sulemani

Mwanafunzi yeyote anayefuatilia historia ya tafsiri katika fasihi ya Kiswahili hukutana na Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Rider Haggard iliyotafsiriwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1929. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliisoma riwaya hiyo shuleni. Mojawapo ya matukio yake yanayokumbukwa ni lile la Kapteni Good, ambaye meno yake ya bandia yanawashangaza wenyeji waliokaribia kumuua, hata wakadhani yeye na wenzake wametoka kwenye nyota. Tukio hilo lina asili yake katika maisha ya mtu halisi. Mtu huyo ni Joseph Thomson, na njia aliyoifuata mwaka 1883 ilipita chini ya milima ya Taita, karibu na ulipo leo mji wa Voi.

Thomson alizaliwa Penpont, Uskoti, mwaka 1858, akasomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 21, alikuwa msaidizi wa Keith Johnston katika safari ya kwenda kwenye maziwa makuu. Johnston aliugua na kufariki Behobeho, nao uongozi ukamwangukia kijana huyo. Alifika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kisha akarudi pwani salama. Ikumbukwe kwamba mnyapara wa msafara huo alikuwa James Chuma, yule aliyeshiriki kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Thomson alikuwa kiongozi kwa jina. Ujuzi wa safari ulikuwa wa Chuma.

Mwezi wa Machi 1883, akitumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza, Thomson aliondoka pwani na wapagazi zaidi ya 100 kuelekea Umaasaini. Walivuka nyika ya Taru yenye uhaba wa maji, wakapita Maungu na Ndara, na kufika katika msitu wa Taveta kando ya mto Lumi. Taveta ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara ya Waswahili: hapo watu walipumzika, wakanunua chakula na kutunga shanga kwa ajili ya hongo na biashara ya huko mbele.

Ni hapa ndipo ukweli unapoachana na riwaya. Mwezi wa Mei Thomson alijaribu kuingia Umaasaini akashindwa. Msafara wa Mjerumani Gustav Fischer ulikuwa umetangulia na kupigana na Wamaasai, nao walikuwa na hasira. Thomson aliondoka usiku, akarejea Taveta, kisha akaenda Mombasa kuongeza bidhaa. Alipata njia baadaye tu, alipojiunga na msafara wa Jumba Kimameta, mfanyabiashara kutoka Pangani aliyeijua nchi hiyo na desturi za wenyewe.

Ni kweli kwamba huko Umaasaini Thomson alijifanya oloiboni, akiyachomoa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha mbele ya watazamaji. Hata hivyo, mchezo huo haukumwondolea wajibu wa kutoa hongo, wala haukuchukua nafasi ya maarifa ya Kimameta. Safari iliendelea hadi Naivasha, Baringo na ufuo wa Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa mwaka huo alijeruhiwa na nyati, na wakati wa kurudi aliugua vibaya kwa kuhara damu. Alifika pwani mwezi wa Mei 1884.

Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwanzoni mwa 1885, na riwaya ya Haggard ikafuata mwaka huohuo. Haggard alikuwa ameishi Afrika Kusini, si huku kwetu. Thomson aliudhika kuona kisa cha meno kikimpa mwingine umaarufu, naye mwaka 1888 akatoa riwaya yake, Ulu, ambayo haikupata wasomaji wengi. Alisafiri pia Sokoto, Moroko na nchi iliyo leo Zambia, lakini afya yake ilikuwa imeharibika. Alifariki London mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 37. Swala tomi na Maporomoko ya Thomson huko Nyahururu vinalihifadhi jina lake.

Mhakiki wa fasihi ya vijana ana jambo la kuzingatia hapa. Thomson alilalamika kwamba kisa chake kilichukuliwa. Lakini Kimameta, aliyemfungulia njia, hana maporomoko wala mnyama mwenye jina lake, na ndani ya riwaya mtu wa aina yake hayumo kabisa. Katika riwaya, wageni wanaokolewa na ujinga wa wenyeji. Katika safari ya kweli, mgeni aliokolewa na ujuzi wa wenyeji, na kijana aliyesoma tafsiri ya 1929 hakuwa na namna ya kuitambua tofauti hiyo. Tunapoifundisha Mashimo leo, inafaa tuifundishe pamoja na ramani ya njia ya Maungu, Voi na Taveta, na tulitaje jina la Jumba Kimameta darasani.