Marie Curie na gesi iliyowamaliza wachimba migodi

Simama kando ya Barabara ya Uganda hapa Eldoret uhesabu malori yanayoelekea Malaba. Mengine hayasimami hadi Kongo. Huko Katanga kuna mgodi uitwao Shinkolobwe, uliotoa uraniamu ya bomu la Hiroshima mwaka wa 1945. Lakini ulipoanza kuchimbwa 1921, uraniamu yenyewe ilikuwa kama taka tu. Kilichotafutwa ni radiamu, na aliyeifanya dunia iililie radiamu ni Marie Curie.

Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka wa 1867. Chuo kikuu cha huko hakikuchukua wanawake, basi akafunza watoto wa matajiri ili kumsaidia dadake kusomea udaktari Paris, kisha zamu yake ikafika. Ukiwa umewahi kungoja mkubwa wako amalize chuo ndipo karo yako ipatikane, unaijua hiyo subira.

Mwaka wa 1898 yeye na mumewe Pierre waligundua poloni na radiamu. Tani kwa tani za mabaki ya madini zililetwa kutoka Joachimsthal, katika Ucheki ya leo. Alizichemsha ndani ya banda lililovuja, akikoroga kwa chuma kirefu kama yeye mwenyewe. Baada ya miaka minne alipata sehemu ya kumi ya gramu. Nobel zikafuata, 1903 na 1911.

Radiamu hutoa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu. Mwaka wa 1910 kipimo cha "curie" kilipobuniwa, kilikuwa kipimo cha gesi hiyo hasa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Marie aliikamua, akaifungia katika vichupa vyembamba vya kioo, na madaktari wakavitumia kuwatibu wanajeshi.

Kumbe gesi hiyo hiyo ilikuwa ikiwamaliza wachimba migodi. Schneeberg, Ujerumani, madaktari walikuwa wameripoti tangu 1879 kwamba wachimbaji wanakufa kwa saratani ya mapafu, bila kujua chanzo. Radoni yenyewe ukiivuta utaipumua nje. Shida ni chembe inazozaa: hushikana na vumbi, zikakwama mapafuni na kuendelea kutoa miale. Kwa mvutaji sigara ni noma zaidi.

Dawa yake si ngumu: ni hewa. Feni kubwa husukuma hewa safi hadi mwisho wa shimo, mahandaki yaliyoachwa yanazibwa, maji yanaondolewa haraka kwa sababu huja na radoni iliyoyeyuka ndani yake, mwamba unatobolewa ukiwa umeloweshwa, na hewa inapimwa mara kwa mara. Haya yalijulikana mapema, lakini feni ni pesa. Marekani, Wanavajo walichimba uraniamu miaka ya 1950 katika mashimo yasiyo na hewa ya kutosha, na kiwango cha serikali kuu hakikuwekwa hadi 1967. Wengi walikuwa wameshaugua.

Marie naye hakujikinga. Alibeba radiamu mfukoni, akafurahia mng'ao wake usiku. Alifariki Julai 4, 1934, damu yake ikiwa imeharibika, akiwa na miaka 66. Daftari zake bado zinatoa miale, zimehifadhiwa katika masanduku ya risasi. Jeneza lake lilipofunguliwa 1995, kiwango kilichopatikana kilikuwa kidogo. Wataalamu wakasema huenda kilichomuua si radiamu, bali mashine za eksirei alizoendesha vitani bila kinga.