Wendell Moore na Mshipi wa Roketi

Ukilipuliza puto kisha ukaliachia, hewa hutoka upande mmoja nalo puto huruka upande mwingine. Wendell Moore, mhandisi wa kampuni ya Bell nchini Marekani, alitaka mtu aruke kwa kanuni hiyo hiyo.

Alitengeneza chombo cha kubebwa mgongoni, chenye mitungi ya hidrojeni peroksidi. Kimiminiko hicho kilipopita katika nyavu za fedha kiligeuka mvuke wa moto mkali, ambao ulitoka kwa kasi kupitia mabomba mawili yaliyoelekea chini. Hapo mtu huinuliwa.

Moore alikijaribu mwenyewe, akiwa amefungwa kamba ya kumzuia asianguke. Tarehe 17 Februari 1961 kamba ilikatika. Alianguka kutoka kimo cha mita 2.5 hivi, akavunjika pia ya goti, wala hakuruka tena. Nafasi yake ilishikwa na Harold Graham, ambaye tarehe 20 Aprili aliruka bila kamba umbali wa mita 34.

Lakini fueli ilitosha sekunde 21 tu, na aliye karibu na ardhi hawezi kuokolewa na parachuti. Kwa hiyo kofia ya rubani ilitiwa kifaa cha kumwonya ashuke mapema. Ndipo Moore alipoigeukia injini ndogo ya jeti. Injini hiyo huvuta hewa ya nje ili kuchoma mafuta yake, hivyo mafuta kidogo hudumu zaidi. Mshipi wa jeti uliruka mara ya kwanza tarehe 7 Aprili 1969. Moore alifariki mwezi uliofuata.